Mwaka Wetu katika Nyumba ya Mikutano



Ndugu wasomaji, mafrateri wenzetu na waamini wa maparokia, wengi mmetuuliza tulifanya nini katika mwaka wetu wa kichungaji. Wenzetu walifundisha dini mashuleni, wengine walizunguka vigangoni kwa pikipiki. Sisi wanne tulipanga viti. Tulipanga viti, tukahesabu vijiko, tukaandika ankara, tukatafuta fundi wa jenereta saa mbili usiku. Tulitumwa kusaidia katika nyumba moja ya zamani ya wamisionari huko pwani, ambayo siku hizi ni nyumba ya mikutano na karamu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa makosa tutakayosimulia ni yetu, si ya nyumba.

Ina vyumba vya chini, ghorofa moja juu, na kikanisa upande wa nyuma. Mbele kuna baraza pana inayopata upepo wa bahari tangu alasiri. Mapadre waliihama walipojengewa nyumba mpya karibu na kanisa kubwa, na kwa miaka mingi wapangaji wake walikuwa popo. Baadaye ikaonekana ama ibomoke yenyewe, ama itafute riziki yake. Sadaka ya parokia ya wavuvi na wakulima wa minazi haiwezi kutunza paa la ukubwa ule. Ndipo likaja wazo la semina, warsha, harusi na sendofu.

Siku ya kwanza Padre msimamizi alitukabidhi shada la funguo, daftari la kuandikia wageni, na ndoo sita. Tulidhani ndoo ni za usafi. Mvua iliponyesha usiku tulielewa.

Mwalimu wetu wa nyumba ile hakuwa Padre, bali mzee mmoja wa parokia, fundi mstaafu wa chokaa, aliyekuja karibu kila asubuhi kukaa barazani. Tulimwita Babu. Tukishamwamkia, alipenda kugonga ukuta kwa fimbo na kusikiliza. Palipolia kama mtungi mtupu, alisema pana saruji. Alitueleza kwamba kuta zile ni za mawe ya matumbawe, na matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Chokaa huyaacha yapite. Saruji huyafungia ndani, chumvi ikapanda, na baada ya misimu michache plasta huvimba na kudondoka kama gamba. Mtu fulani, kwa nia njema, alikuwa amepiga saruji upande wa kusini, na ndiko kulikokuwa kunadondoka.

Alitufundisha pia kwa nini vyumba vya juu ni vyembamba kama behewa la treni. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazizidi urefu wa mti wenyewe. Chumba kikipita mita tatu upana, hazifiki. Basi fundi wa zamani aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, hakukipanua. Jambo hili halimo katika kitabu chochote cha kupanga semina. Mteja hutaka viti vipangwe nusu duara ili watu waonane nyuso. Sisi tulikuwa na chumba ambacho watu hamsini hukaa kama wako ndani ya basi, na mtoa mada yuko mbali kama dereva. Intaneti nayo haikupenya kuta zile. Wajumbe waliotaka kutuma barua pepe walisimama dirishani wakiwa wamenyoosha mkono nje, na kutoka uwanjani ungedhani wanabariki minazi.

Kabla ya mkutano wetu wa kwanza Padre alitupeleka Bagamoyo kwa siku mbili tukaone wenzetu wanavyotunza nyumba za kale. Wasomaji wengi mnapafahamu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868 wakitokea Unguja, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Nyumba ya masista iliyojengwa mwaka 1876 sasa ni makumbusho. Ule mnara wa kanisa la kwanza bado umesimama, na ndipo mwili wa David Livingstone ulipopokelewa tarehe 24 Februari 1874, baada ya akina Chuma na Susi kuubeba kwa miguu miezi mingi kutoka bara. Ulilazwa pale misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Tulisimama mbele ya mnara, tukapiga picha, tukaondoka. Hatukujua kwamba tutakuja kukumbushwa mnara huo kwa maneno makali.

Kisa kilichotuchekesha zaidi safari ile ni cha karamu. Tarehe 4 Desemba 1889, Hermann von Wissmann, mkuu wa majeshi ya Wajerumani, aliandaa chakula cha jioni pale Bagamoyo kuwakaribisha Henry Morton Stanley na Emin Pasha, waliokuwa wametoka bara baada ya safari ndefu. Emin alikuwa na macho dhaifu sana. Katikati ya sherehe alitoka mezani, akaliendea dirisha la ghorofani lililokuwa chini mno, na akaanguka hadi nje. Alivunjika fuvu, ila hakufa. Alilazwa hospitalini hapo hapo Bagamoyo, na Stanley akaenda Unguja bila yake. Padre msimamizi alisimulia yote hayo bila kutabasamu, kisha akasema, "Mmesikia? Mgeni amepona bara lote, akaangushwa na karamu. Tukirudi, kila dirisha la juu lipigwe fito." Tulipiga fito. Tukaandika pia kwamba juu ni mikutano tu, hakuna kucheza muziki. Watu sitini waliokaa kitini na watu sitini wanaoruka kwa pamoja si mzigo mmoja kwa boriti za mkoko.

Kazi ikaanza. Tulijifunza kwamba mjumbe wa semina anaweza kusamehe mada mbovu, lakini hasamehi chai ya saa nne ikichelewa. Tulijifunza kudai kianzio cha nusu kabla ya kununua mchele, kwa sababu kamati za harusi huahidi watu 200 na kuleta 320. Mama mpishi hakutaka jiko la gesi kwa pilau. Alipikia nje kwa kuni, chini ya mwembe, na hakuna aliyelalamika. Washereheshaji walitupa shida kuliko mvua. Spika zao zilitetemesha vumbi la chokaa kutoka darini mpaka juu ya keki, nasi tukalazimika kuzizima spika mbili katikati ya "bwana harusi yuko wapi". Hatukupendwa usiku ule.

Sasa tuje kwenye kikanisa. Hapa tunawaomba mafrateri wa mwaka wa Sheria za Kanisa watuvumilie.

Kikanisa kile kilikuwa chumba pekee chenye upana wa kutosha, maana paa lake limebebwa na mbao za kuagiza, si boriti. Kwa hiyo kiligeuzwa ukumbi. Kanuni ya 1224 inataka jambo hilo lifanyike kwa mamlaka ya yule yule mwenye kuruhusu kikanisa kiwepo, na barua ya Baba Askofu ilikuwepo katika jalada. Tuliisoma, tukaridhika. Tena tulijiona watu wa kisasa. Mwalimu wetu seminarini alikuwa ametusimulia mkutano uliofanyika Roma mwezi Novemba 2018 kuhusu makanisa yasiyotumika tena, na jinsi huko Maastricht, Uholanzi, kanisa la monasteri ya kale lilivyogeuzwa sehemu ya hoteli. Hata huku kwetu majengo hayajaacha kubadilika. Ngome Kongwe ya Unguja, pale Forodhani, imejengwa juu ya mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Waarabu wa Omani waliwafukuza Wareno, wakajenga ngome; ikawa jela, ikawa depo ya treni ya Bububu, ikawa na kiwanja cha tenisi cha wanawake, na sasa watu hukaa pale kusikiliza muziki na kutazama filamu za tamasha. Tofauti moja tuliiona wenyewe: Ulaya makanisa mengi yanabaki matupu kwa sababu waamini wameondoka, kikanisa chetu kiliachwa kwa sababu waamini hawakuenea tena ndani.

Barua tuliisoma, altare hatukuiangalia. Ilikuwa ya mawe, imejengwa ukutani, na miaka yote ilifunikwa na turubai pamoja na viti vibovu. Kwa harusi ya pili ya msimu, wapambaji walikuja mapema, wakaitoa turubai, wakaona meza ndefu ya mawe yenye kimo kizuri. Tulipoingia saa tisa alasiri ilikuwa imevikwa kitambaa cha zambarau cha kung'aa, na juu yake vyombo vya bafe, wali huku, mbuzi kule, na katikati moto mdogo wa kupasha mchuzi.

Mmoja wetu alitaka kuacha. Alisema ukumbi si kikanisa tena, na wageni wako njiani. Mwingine akakumbuka kanuni ya 1238: mahali patakatifu pakigeuzwa kwa matumizi ya kawaida, altare haipotezi kuwekwa wakfu kwake. Na inayofuata inasema altare ni kwa ibada peke yake. Tukabishana kwa sauti ya chini kama watu wanaogombana msibani. Hatimaye tulibeba vyombo vyote nje, mikono ikituungua, tukaweka meza za mbao chini ya mwembe. Mama wa bwana harusi akauliza kama mchuzi umeingia mdudu. Tukamweleza. Aliitazama altare, akapiga ishara ya msalaba, akasema, "Mimi nilibatiziwa hapa, wala sikuikumbuka." Jumatatu Padre aliita mafundi wakajenga kizio cha mbao mbele yake, chenye mlango na kufuli.

Tulijisifu kidogo kwa jambo lile. Tulijiona tumejua nini kisichokodishwa.

Mwezi wa tisa wa kukaa kwetu tulipata semina kubwa, watu 64, siku tatu, na chakula rasmi cha kufunga Ijumaa jioni. Mratibu wao, mama mmoja mtu mzima mwenye utaratibu sana, alichagua chakula hicho kiwe barazani kwa ajili ya upepo. Kianzio kilikuwa kimeshalipwa na kimeshakwenda kwenye mabati. Padre msimamizi alisafiri Jumatano kwenda jimboni, akatuachia nyumba.

Usiku wa Alhamisi dada yake Babu alifariki. Alikuwa bibi aliyefagia kikanisa kile tangu ujana wake mpaka kilipofungwa. Ukoo wao ulitokana na watu waliokombolewa na misheni siku za mwanzo, na wazee wa parokia husema mawe ya nyumba ile yalibebwa vichwani na mababu zao. Asubuhi Babu alikuja na katekista. Safari hii hakukaa. Desturi ya pale, ambayo sisi tuliijua nusunusu, ni kwamba mzee wa ukoo ule akifa, mwili hupitishwa kwanza barazani, ukakaa pale jioni nzima watu wakisali rozari, na usiku ndipo hupelekwa kanisani kungoja misa ya maziko. Babu alisema tu, "Wanangu, tunamleta saa kumi."

Tulimpa pole. Kisha tukamweleza, kwa adabu zote tulizofundishwa, kwamba baraza ina wageni. Tukampa darasa la nyuma, lile la katekesi. Tukaahidi mikeka, maji na turubai. Tulisema mengi. Yeye alingoja tukamaliza.

"Bagamoyo mlikwenda," akasema. "Mlituletea picha. Mzungu yule hakuwa hata Mkatoliki, na mapadre walimpokea. Hakuwabebea jiwe hata moja."

Hakuongeza neno. Katekista aliangalia chini. Wakaondoka, na saa kumi mwili haukuletwa darasani wala kokote kwetu. Ulipita barabarani, nje ya ua, ukaenda moja kwa moja kanisani. Akina mama wa WAWATA walikuwa mbele wakiimba. Sisi tulikuwa tunatandika vitambaa vya meza. Mmoja wetu alishika upande wake wa kitambaa akabaki hivyo mpaka wimbo ulipofifia.

Chakula kilianza saa moja. Kilikuwa chakula kizuri, tunakiri. Sauti za rozari zilikuja na upepo ule ule uliofanya baraza itakiwe. Wageni wakaanza kuulizana. Waliojibu ni madereva wao, waliokuwa wamekula mapema na kusikia habari yote dukani. Habari ilitoka meza hadi meza, na tukaona vijiko vikiwekwa chini kimoja kimoja.

Mama mratibu alituita pembeni. Tulidhani atalalamikia kelele, na mmoja wetu alikuwa tayari na samahani. Aliuliza kama ni kweli. Tukasema ni kweli. Akauliza tulimjibu nini yule mzee. Tukamweleza.

"Kwa nini hamkuniuliza?" akasema. "Tungekula ndani."

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Ukumbi ulikuwa mtupu. Kuhamisha meza nane kungetuchukua nusu saa. Tulikuwa tumehesabu kianzio, mkataba, sifa ya nyumba, na hasira ya Padre, lakini hakuna hata mmoja wa wanne aliyefikiri kumuuliza mgeni. Tulimfanyia Babu ukatili kwa jina la mtu ambaye hakuujua. Mama yule, ambaye ni Mwislamu, aliinuka, akawaeleza wenzake kwa maneno machache, na zaidi ya nusu yao wakaenda msibani kwa miguu na nguo zao za karamu. Walichangishana rambirambi kwenye bahasha ya semina. Mama mpishi, bila kutuuliza, alifunika sufuria la pilau lililobaki na kuwatuma vijana walipeleke.

Nasi tulikwenda. Tulisimama nyuma kabisa.

Padre aliporudi tulimsimulia wote wanne, kila mmoja kipande chake. Hakutukaripia, jambo ambalo lilikuwa gumu kuvumilia. Alichukua daftari, akapiga mstari wima kila ukurasa wa mwaka uliobaki, na juu ya safu ile mpya akaandika "Baraza". Kisha akaijaza yeye mwenyewe: "Ya parokia." Mteja anayetaka upepo huambiwa sasa kwamba baraza anaweza kuitumia, ila akija mwenye msiba, meza zitaingia ndani. Wawili walikataa mkataba kwa sababu hiyo. Wengine wote walisaini bila kuuliza.

Baada ya maziko Padre alitupeleka nyumbani kwa Babu. Tulikaribishwa kahawa. Tuliomba radhi, alisema, "Haya," akauliza habari za paa. Tulipoaga alitusindikiza mpaka njiani kama kawaida, lakini asubuhi hakuja tena barazani. Wiki tatu, nne, kiti chake kilikaa kitupu, na ukuta wa kusini uliendelea kudondoka bila mtu wa kuugonga.

Fedha iliyobaki ya semina ile Padre aliielekeza kwenye chokaa. Tulitafuta ya kuchoma kwa kuni, si ya mifuko ya dukani, tukailoweka katika shimo kama Babu alivyowahi kutuelekeza, tukabandua saruji yote kwa patasi. Tulianza na baraza. Hatukuwa mafundi, na ukuta ulitoka na mabonde.

Siku chache kabla ya mwaka wetu kwisha Babu alipita. Hatukuwa tumemwita. Alipanda ngazi, akapita mbele yetu tukiwa na ndoo na vitambaa mikononi, akasugua plasta kwa kidole gumba, akautazama weupe uliobaki kwenye ngozi. Akauliza mmemwagia maji siku ngapi. Tukasema tatu.

"Wiki mbili," akasema. "Asubuhi na jioni. Na huku mlikopiga jua, wekeni magunia."

Kisha akavuta kiti chake.